Nati Zilizotaka Sifa

Ziro alikuwa fundi mwoga, wala tusimfiche. Ukimletea gari, kwanza alilizunguka. Kisha alichutama akalitazama kwa chini, akainuka, akafuta mikono ambayo ilikuwa bado haijachafuka, ndipo akakuuliza kama huna haraka. Watu wa Msambweni walimpenda kwa upole wake na kwa kuwa hakuwa mlevi, lakini mtu mwenye haraka akiingia bandani mwake alimtia homa papo hapo.

Woga huo alirudi nao kutoka vitani. Serikali ilimchukua kwao Kinango, huko bara ambako Waduruma wanachunga ng'ombe na kulitazama wingu, ikampeleka Burma kutengeneza malori. Huko alifundishwa spana kwa matusi. Siku moja alivuta bolti yenye kutu, bolti ikakatikia ndani ya injini, na lori zima likaachwa porini. Sajini akambandika jina la Vunja. Jina likamfuata kutoka kambi hadi kambi, na hata siku ya kuachiliwa karani alimwita kwenye foleni kwa jina hilo hilo. Tangu hapo kila aliposhika spana alikuwa akisikiliza kwa hofu ule mlio mdogo wa chuma kinachokatika: tak.

Mwaka wa hamsini na saba, mwanzoni kabisa, alihamia pwani na mkewe Kanze, akajenga banda la makuti kando ya barabara ya Msambweni. Alikuwa bado mgeni. Kula samaki alikuwa hajazoea, maneno ya watu wa pwani mengine yalimpita, na alikuwa akishangaa jinsi wanavyoweza kusalimiana mpaka shughuli yenyewe ikasahaulika.

Masika yalikuwa hayajakatika vizuri siku ile Matano alipomletea boksibodi lake. Lilikuwa gari kuukuu, mbele bati, nyuma sanduku la mbao lenye viti vya ubao huku na huku na turubai la kuteremsha mvua ikinyesha. Siku nyingine lilibeba watu, siku nyingine lilibeba papa wa chumvi na ng'onda kutoka Majoreni. Matano alikuwa mtu safi. Alipoona maji ya chumvi yanayochuruzika kwenye samaki yanatuama sakafuni na kuchafua miguu ya abiria, alitoboa matundu kwenye ubao ili yateremke chini. Yakateremka kweli, yakawa yanadondokea juu ya ekzosi, safari baada ya safari, na mwenyewe akijisifu kwa watu kwamba gari lake halina hata tone la uchafu.

"Fundi," Matano alisema baada ya salamu, "moshi unaingia ndani. Jana mvua ilitubana kule Bodo, tukateremsha turubai, bibi mmoja akazirai. Tulimlaza kando ya njia nikadhani amekufa. Alhamdulillahi alizindukana."

"Basi liache hapa," Ziro alisema. "Huna haraka?"

"Nina haraka. Kesho baada ya sala ya alfajiri nampeleka mama Mombasa, aende Makka. Meli ya mahujaji haimngoji mtu."

Ziro alifuta mikono. Akauliza kuhusu basi. Matano akamwambia basi limezamia topeni ng'ambo ya Ramisi tangu juzi, na gari jingine la kupita njia ile na mvua hizi hakuna. Ni hili au mama abaki. Na mama mwenyewe, Mwanapili, alikuwa ameingoja safari hiyo tangu nywele zake nyeusi.

Ziro akaingia chini ya gari. Shingo ya ekzosi ilikuwa imebanwa kwenye injini kwa bolti nne na nati zake. Bolti moja ilikuwa imekatika zamani, na hapo ndipo moshi ulipokuwa ukitokea. Tatu zilizobaki chumvi ilikuwa imezila mpaka pembe za nati zimekwisha, zimekuwa za mviringo kama kunde. Ili atie gasketi mpya ya kuziba moshi ilimbidi azifungue zote. Kwa bolti tatu shingo ingekaa. Kwa mbili ingetikisika, gasketi ingeungua kabla ya Ukunda, na moshi ungemkuta mama wa watu ndani ya turubai. Kwa hiyo hakuruhusiwa kukata hata moja zaidi, na yeye ndiye Vunja.

Ya kwanza aliigongagonga kwa nyundo ndogo, akaibembeleza huku na huku, ikatoka. Moyo ukamtulia kidogo. Akashika ya pili. Akavuta, nati ikagoma. Akaongeza nguvu, akahisi chuma kinaanza kulainika mkononi, na ulaini huo aliujua tangu Burma. Akaiachia spana kama imemuunguza. Akalala pale chali, akihema, akiitazama ile nati, naye akiogopa hata kuigusa ya tatu.

"Hodi humo," sauti ilisema.

Ziro aliona miguu ya mtu mzima kando ya gurudumu, na upindo wa leso. Ilikuwa miguu ya Mwanapili. Tangu asubuhi alikuwa akizunguka mji mzima kuomba radhi, kama ilivyo desturi ya mtu aendaye Hija, asije akafika mbele ya Nyumba ya Mungu na kinyongo cha mtu kikining'inia nyuma yake. Alikuwa amefika hata kwa jirani waliyegombana naye miaka kwa sababu ya kuku.

"Shikamoo mama," Ziro alisema kutoka chini.

"Marahaba mwanangu. Mbona wahema hivyo?"

"Nati zimekataa, mama. Nikizilazimisha zitakatika."

Mwanapili aliinama kidogo kutazama. "Chumvi hiyo," akasema. "Umezipa sifa?"

"Sijazipa."

"Basi ndiyo maana. Zipe sifa, uziache, kisha uzipe tena. Chuma kilicholiwa na maji ya chumvi hakitaki nguvu, chataka sifa. Baba yangu alikuwa fundi wa vyombo vya baharini, hakugusa msumari wa zamani mpaka kwanza aupe sifa."

Alitaka kusema na jingine, lakini wanawake wakamwita kutoka barabarani akafunge mizigo, akaenda zake.

Ziro alibaki na maneno hayo chini ya gari. Aliyageuza huku na huku. Jeshini bolti ikigoma ilitukanwa, tena ilitukaniwa hata mama yake. Kwamba bolti inaweza kusifiwa hakuwahi kusikia. Lakini hawa walikuwa watu wa pwani. Kwao hata mwenye duka humwombi kitu mpaka umjulie hali ya watoto. Na mwanamke aliyesema hivyo alikuwa mtu mzima, wa heshima, anakwenda Makka, na baba yake alikuwa fundi. Kama kuna dua au adabu fulani ya chuma ambayo watu wa bara hawaijui, Ziro angejuaje? Mtu aliyefikwa na maji ya shingo hachagui cha kushika, na jua lilikuwa limeanza kuinama.

Akachungulia upande huu, akachungulia upande ule. Hakuna mtu. Akakohoa kidogo. Na kwa kuwa mambo ya chuma hakuwahi kuyasema ila kwa Kiswahili cha jeshi, akasema kwa Kiswahili hicho hicho.

"Wewe nati," alianza, kwa sauti ya chini. "Wewe nati mzuri sana."

Nati ikanyamaza.

"Wewe fanya kazi mwaka mingi. Mvua, chumvi, moto, wewe hapana choka. Wewe hapana kama nati ingine. Mimi naona wewe mzuri sana."

Alijaribu spana. Hakuna. Akaona labda sifa hazijatosha, akaendelea. Aliisifu tena ile ya pili, akaisifu na ya tatu isije ikaona wivu. Na hapo ndipo aliposikia kitu kama mtu anayekabwa.

Akageuza kichwa. Mwanapili alikuwa amerudi kuchukua leso yake aliyoisahau juu ya pipa la mafuta. Amekaa juu ya gurudumu lililolazwa chini, amejiziba mdomo kwa ile leso, mabega yanamtetema na machozi yanamtoka.

"Mwanangu," alisema alipoweza, "wasema na nani humo?"

"Nazipa sifa, mama."

Basi akashindwa kabisa. Alicheka mpaka akashika mbavu, wanawake wakaja mbio wakidhani amepatwa na jambo, akawaeleza, nao wakacheka. Ziro akatoka chini ya gari amejaa kutu usoni, akasimama mbele yao. Aibu ilimshika vibaya sana. Hakuna aliyemwita Vunja, lakini yeye alilisikia jina hilo.

Mwanapili aliagiza kopo kutoka nyumbani kwake. Lilipofika likafunguliwa, na harufu ikatoka iliyomfanya Ziro arudi nyuma hatua. Ilikuwa mafuta ya maini ya papa, mazito, ya rangi ya chai, yale ambayo watu wa pwani hupaka mbao za vyombo visiliwe na maji. Ziro aliyaona mara nyingi tangu ahamie. Hakuna aliyemwambia jina lake.

"Hii ndiyo sifa," Mwanapili alisema, akijifuta macho. "Washa gari chuma kipate moto, uzime, uidondoshe. Itajipenyeza yenyewe. Ugonge kidogo kidogo, uiache mpaka alfajiri. Usivute leo."

Ziro alifanya hivyo. Chuma kilikuwa cha moto, sifa ikachemka juu yake, ikatoa moshi wa kunuka mpaka mbuzi wa jirani wakahama. Akagonga, akadondosha, akagonga. Wanawake walikuwa wameondoka na habari yao, na Ziro alijua kwamba kufikia magharibi itakuwa imefika kisimani. Kilichomuuma si kicheko hasa. Kilichomuuma ni kwamba mama yule alikuwa akiomba radhi kwa kila mtu, naye ameondoka bila kumwomba yeye. Labda kwa mgeni wa bara, asiyesali pamoja nao, haikuwa lazima.

Chakula cha jioni hakikushuka. Kanze alimtazama akikifinyanga kile kipande cha sima bila kukitia mdomoni, akamwambia, "Si uwaambie watafute gari jingine?"

"Hakuna gari jingine."

"Basi ukishindwa si umeshindwa? Si wewe uliyetia chumvi."

"Nikishindwa," Ziro alisema, "yule mama atakaa miaka akisema kulikuwa na Mduruma mmoja aliyemkosesha Makka."

Adhana ya alfajiri ilimkuta yuko macho. Alipofika bandani mvua ilikuwa ya rasharasha, na wasindikizaji walikuwa wamekwisha kuanza kukusanyika barabarani, wanawake na leso vichwani, mtu mmoja na chetezo cha udi. Mwanapili alikaa katikati yao, na furushi lake la nguo mapajani. Matano, kanzu safi, alikuwa akitembea huku na huku.

Ziro akaingia chini. Akaishika nati ya pili. Alianza kwa kuikaza kidogo tu, kisha akairudisha. Ikalia, kwii, kama mlango wa zamani, ikazunguka. Akaizungusha yote mpaka ikamwangukia kifuani. Sasa ilibaki moja, na moja ile ndiyo iliyokuwa chini kabisa ya tundu la Matano, iliyokunywa chumvi nyingi kuliko zote.

Akaikaza kidogo. Haikusikia. Akarudisha. Haikusikia. Akadondosha sifa tena, akahesabu pumzi zake, akashika spana kwa mikono miwili. Nje aliwasikia wanawake wameanza kumsomea Mwanapili dua. Akavuta. Akavuta tena, polepole, na chuma kikalainika mkononi mwake.

Tak.

Ziro alifumba macho. Ilikuwa tak ile ile ya Burma. Alilala pale na spana mkononi, mvua ikipiga bati juu yake, akasikia dua inakwenda mpaka mwisho wake na watu wanaitikia amina. Alifikiri namna ya kutoka chini ya gari lile akawatazame, asiipate.

"Fundi?" Matano aliita. "Vipi?"

Ziro alinyoosha kidole, bado amefumba macho, akapapasa pale palipolia. Bolti ilikuwapo. Akapapasa nati. Nati ilizunguka kwa kidole kitupu. Kilichokatika kilikuwa ni kutu. Kutu inapokubali kuachia hulia sawasawa na chuma kinapokufa, na miaka yote ile Ziro hakuwahi kuvuta zaidi ya mlio huo akajua.

"Imetoka," alisema.

Alisafisha shingo, akatia gasketi, akafunga kwa nati za shaba alizozitoa kwenye pampu kuukuu, maana shaba haishiki kutu. Yale matundu ya sakafu aliyaziba kwa vigingi na matambara, na Matano alimtazama akiyaziba bila kumuuliza kwa nini. Gari likawashwa. Ziro aliweka kiganja kuzunguka shingo yote. Hakuna pumzi iliyompiga. Alipoinuka, Matano akasema, "Panda, fundi. Siendi bila wewe."

Akapanda nyuma, na kutu yake, akakaa kwenye ubao mkabala na Mwanapili. Watu walilia kidogo, wakapunga leso, gari likaingia njiani. Ziro alikuwa akisikiliza. Kila shimo lililorusha gurudumu aliinama kusikia kama ekzosi imeanza kupumua. Walipofika Ukunda mvua ikafunguka kwa nguvu, Matano akasimama wakateremsha turubai pande zote, wakaendelea gizani, wawili tu na mizigo.

Hawajafika mbali kukawa na harufu.

Mwanzo Ziro alijidanganya kuwa ni ya nguo zake. Kisha ikaja nzito, ya kuungua. Akamtazama Mwanapili. Mama alikuwa ameegemea ubao, kichwa upande, macho ameyafumba.

"Mama," aliita. Hakujibiwa.

Ziro aliupiga ubao wa mbele kwa ngumi zote mbili mpaka Matano akasimamisha gari. Akaruka, akaangukia topeni, akatambaa chini ya gari injini ikinguruma juu ya uso wake. Akaweka kiganja kwenye shingo ya ekzosi, upande huu, upande ule, akiungua bila kujali. Hakuna pumzi. Nati za shaba zimekaa. Kilichokuwa kikitoa moshi mwembamba juu ya chuma ni sifa, ile iliyojipenyeza kila mahali tangu jana, na sasa ekzosi ilipopata moto barabara ilikuwa ikiunguza masalio yake.

Akarudi mbio nyuma akalishika turubai alinyanyue, hewa iingie.

"Wacha," Mwanapili alisema. "Usifungue."

Alikuwa macho. Machozi yalikuwa yakimtiririka, wala hakuyafuta.

"Ni sifa tu, mama," Ziro alisema, anahema. "Si moshi wa gari. Haidhuru. Lakini yanuka sana, na wewe waenda mahali patakatifu."

"Ndivyo alivyokuwa akinuka baba," Mwanapili alisema. "Akirudi jioni nyumba nzima yanuka hivi, na mama akimgombeza. Vyombo vingapi alivipaka, vikaenda Jidda na watu wake, yeye akabaki pwani na kopo lake. Alikufa hajaenda." Akavuta pumzi ndefu. "Leo amenisindikiza. Keti, mwanangu. Utanyeshewa."

Ziro akapanda, akaketi. Kiganja kilimwaka moto, akakificha kati ya magoti. Mwanapili akamgeukia.

"Mji mzima nimeuomba radhi," akasema, "na wewe niliyekuja kwako kuomba nikaishia kukucheka mbele ya watu. Niwie radhi, Ziro."

Hakujua kwa watu wa pwani hujibiwa vipi. "Nimekuwia, mama," alisema.

Mwanapili akaitengeneza leso yake kichwani. Halafu akainama mbele, akayasema polepole, kwa Kiswahili cha jeshi, bila hata chembe ya kicheko.

"Wewe fundi mzuri sana. Wewe hapana kama fundi ingine."

Mbele Matano aliuliza kama kwema, aende au asiende. Ziro akapiga ubao kwa ule mkono mzima, na gari likaondoka. Feri ya Likoni waliiwahi, na meli pia.